Wanafunzi wafunzwe kupima kabla ya kubadilisha vipuri

Wapenzi wa mashindano ya magari humu nchini hawajalisahau gari la Datsun 240Z. Ndilo lililompa Edgar Herrmann, akisaidiwa na Hans Schüller, ushindi wa Safari Rally mwaka 1971. Mwaka 1973 Shekhar Mehta na Lofty Drews walishinda kwa gari la aina iyo hiyo, baada ya Mehta kulingana alama na Harry Källström. Wanafunzi wa leo hawakuwapo, na walimu wao wengi vilevile. Hata hivyo, gari hilo lingali kipenzi cha wanaotunza magari ya kale, na yamkini laweza kuwafundisha vijana wetu somo ambalo vyuo vya ufundi hulipitia juu juu.

Injini yake ya asili, L24, ina silinda sita zilizojipanga mstari mmoja, ujazo wa sentimita 2,393 na kabureta mbili. Mwaka 1975, kwa sababu ya sheria kali za moshi, kampuni ya Nissan ilianza kuuza Marekani gari la 280Z lenye injini ya L28, ujazo wa sentimita 2,753. Kabureta ziliondolewa, mahali pake pakawekwa mtambo wa Bosch uitwao L-Jetronic, ambao hunyunyiza petroli kupitia nozeli zinazofunguliwa kwa umeme. Injini hizi mbili ni za ukoo mmoja. L28 hukaa pale pale ilipokuwa L24, na kwa hiyo wenye magari wengi ulimwenguni wamezoea kuihamisha. Fungua hapa, kaza pale, kazi imekwisha.

Haijakwisha. Anayehamisha injini peke yake na kuziacha kabureta amebadilisha chuma kwa chuma. Anayehamisha na nozeli amebadilisha njia nzima ya kupima, na hapo ndipo mafundi wengi wanapopotea.

Katika L-Jetronic, hewa inayoingia husukuma kibao kidogo kilicho mlangoni mwa injini. Kadiri hewa inavyozidi ndivyo kibao kinavyofunguka, na habari hiyo hupelekwa kwa umeme hadi kwenye kompyuta. Koili nayo huarifu injini inazunguka kwa kasi gani, na kipimo kingine hueleza joto la maji. Kompyuta hupiga hesabu, kisha huzifungua nozeli zote sita kwa pamoja, kwa muda wa sehemu chache za elfu za sekunde. Kompyuta hiyo haiioni petroli hata tone moja. Inachokijua ni muda tu; mengine yote imeyachukulia kuwa ni kweli.

Imechukulia, kwa mfano, kwamba petroli inasukumwa kwa shinikizo la kilopaskali 250 hivi. Pampu ya kabureta hutoa takribani kilopaskali 25, yaani sehemu moja ya kumi. Fundi akiiacha pampu ya zamani gari litakataa kuwaka, na hiyo ni heri. Balaa ni yule anayeweka pampu mpya lakini akaiacha mipira ya zamani ya mafuta na vibanio vyake hafifu. Katika injini za ukoo huu njia ya hewa na njia ya moshi ziko upande mmoja, nozeli zikiwa juu ya ekzosi. Mpira ukipasuka hapo petroli hurukia chuma chenye moto, na gari lililosalimika miaka 50 na zaidi huteketea kando ya barabara kwa kukosa mpira wa bei ndogo.

Au tuseme fundi amepata nozeli za gari jingine zinazopitisha asilimia 20 zaidi. Kompyuta itazifungua kwa muda ule ule wa zamani. Mchanganyiko uliokusudiwa kuwa kilo 14.7 za hewa kwa kilo moja ya petroli utakuwa kilo 12.25 kwa moja. Hesabu hiyo mwanafunzi wa kidato cha pili aweza kuifanya kwenye kitabu chake. Mbona hatumfanyishi?

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa kifuniko cha oili. Injini ya L28 ikiwa inanguruma, kifungue kifuniko hicho: itatetemeka, na huenda ikazima. Hewa imeingia bila kupita mbele ya kibao, na kompyuta haina habari nayo. Sasa mfikirie kijana aliyehitimu juzi. Ananunua nozeli katika Barabara ya Kirinyaga, tatizo liko pale pale. Ananunua pampu. Ananunua kompyuta. Kumbe kifuniko hakikuzibwa sawasawa! Mwenye gari amelipa mara tatu kwa kosa lisilohitaji kipuri chochote.

Sisemi haya kuwabeza mafundi wa jua kali, ambao wepesi wa mikono yao haushindani na wa mtu. Kosa ni letu sisi walimu. Mwalimu wa fizikia huchora shinikizo na umeme ubaoni, mwalimu wa karakana hufundisha spana na bolti, na wawili hao hukutana chumba cha chai tu. Halafu mtahini humtaka mtahiniwa ataje hatua za kufungua na kufunga. Tunaimba umilisi usiku na mchana, lakini mtihani wa namna hiyo hupima kumbukumbu.

Pendekezo langu ni hili. Mtahiniwa apewe injini yenye kasoro iliyofichwa, geji ya shinikizo na mita ya umeme. Atuzwe alama kwa mpangilio wa vipimo vyake na sababu alizoziandika, na apoteze alama kwa kila kipuri anachokiondoa kabla ya kupima. Geji na mita havigharimu hata robo ya bei ya injini. Wala injini yenyewe si lazima itoke katika gari la fahari. Yoyote yenye nozeli yatosha, ingawa mitambo ya zamani ina faida moja kubwa, kwamba kibao chake mwanafunzi hukisukuma kwa kidole akaona mita ikibadilika.

Wako wanaoshikilia kwamba gari la kale lisiguswe kabisa. Kwa lile lililoshiriki Safari nakubaliana nao, maana injini yake ni ushahidi wa historia. Mengine na yabadilishwe, mradi L24 itiwe oili, nambari yake iandikwe daftarini, ihifadhiwe pakavu, na pasikatwe chuma chochote cha bodi kuipisha injini ngeni.