Mutuonyeshe vipimo, si ukurasa muzuri tu

Vijana wenzetu, wanainchi,

Kila siku tunaambiwa: inskripsio kwa intaneti, matokeo kwa intaneti, malipo kwa intaneti. Vizuri. Lakini kila mara tunaacha pale jina, tarehe ya kuzaliwa, namba ya telefone na picha ya karte ya elektere, ile ambayo kwetu njo kitambulisho cha watu wengi. Swali letu ni moja: nani alijaribu ule mlango mbele ya kutuambia tuingie?

Saiti nyingi za ofisi, banki na vyuo zinaandikwa kwa Java. Java haiko shida. Kuko vyombo vya bure kama Spring Security, vinavyouliza mtu ni nani na ana haki ya kuona nini. Shida ni desturi: mwenye kutengeneza anaandika jina lake, anatia neno lake la siri, mlango unafunguka, anasema kazi imeisha. Apana! Kufuli haipimwe na ufunguo wake peke yake. Inapimwa na mtu asiye na ufunguo.

Kupima kweli ni kuangalia kama programu inajua kukatala:

– Mtu asiyejitambulisha akiomba ukurasa wa ndani, anakataliwa? Serveri ijibu 401, ao imurudishe pa kuingilia.
– Mwanafunzi aliyeingia vizuri, akibadilisha namba katika anwani, 1045 iwe 1046, anaona pointi za mwenzake? Apate 403. Hapa njo wengi wanaanguka: katika orodha ya mwaka 2021 ya OWASP, shirika linalofuatilia usalama wa programu, kosa la namna hii lilikuwa la kwanza.
– Mtu akiisha kutoka, kuki yake ya zamani, ile JSESSIONID, ingali inafungua?
– Akikosea neno la siri mara elfu moja, kuko kitu kinachomusimamisha?

Maswali haya yanaandikwa kama vipimo ndani ya kodi yenyewe, kwa JUnit na MockMvc, na yanapita tena kila mara kodi inabadilika. Vyombo hivi ni vya bure. Kinachoombwa ni muda na mtu mwenye kujua kazi.

Hata wakubwa walianguka. Equifax, kampuni ya Marekani inayotunza habari za mikopo ya watu, ilikuwa na saiti iliyojengwa juu ya Apache Struts, chombo cha Java. Mwezi wa 3 wa mwaka 2017 dawa ya tundu moja la Struts ilitolewa. Kwenye ile saiti haikuwekwa. Wezi wakaingia mwezi wa 5, kampuni ikashtuka mwisho wa mwezi wa 7. Habari za watu karibu milioni 147 zilikuwa zimeguswa. Mwaka ule ule, saiti ya wafanyakazi wake kule Argentina ilikutwa inafunguka kwa jina «admin» na neno la siri «admin». Kampuni yenye pesa vile! Basi sisi tusidanganywe na bendera na rangi nzuri.

Kule ililipa: mwaka 2019 Equifax ilikubali kutoa dola zisizopungua milioni 575. Kwetu, sheria ya numerike ya tarehe 13/03/2023 inaongelea ulinzi wa data za mtu. Sheria iko. Tudai itumiwe.

Tunaomba mambo matatu:

1. Kila huduma ya serikali inayoomba kitambulisho ipimwe na watu wasioitengeneza, mbele ya kufunguliwa, na muhtasari wa vipimo utangazwe.
2. Kuwe anwani ambako mwanainchi anaweza kuonyesha tundu bila kuogopa kukamatwa.
3. Kazi hiyo ipewe vijana wenye kuijua, kwa shindano la wazi, si kwa kujuana.

Na wewe mwenye kusoma: usivunje saiti ya mtu. Bila ruhusa, hiyo haiko kupima, ni wizi. Weka WebGoat kwenye mashini yako, programu ya Java iliyotobolewa kwa makusudi, ujifunze pale. Tuko wengi wenye diplome ndani ya sanduku na mikono mitupu. Kazi iko, inalala tu mbele ya macho yetu.

Siku watakufungulia saiti mupya, mbele ya kuandika jina lako, uliza: vipimo viko wapi?