Ingoma haimo kwenye orodha

Mwaka 1991 watengenezaji wa ala za muziki za kielektroniki walikubaliana orodha moja ya sauti za midundo, ili wimbo uliotungwa kwa kinanda cha kampuni moja usigeuke kioja ukichezwa kwa kinanda cha kampuni nyingine. Namba 36 ikawa ngoma kubwa ya kukanyagwa kwa mguu. Namba 38 ikawa snea. Orodha inaanzia 35 na kukomea 81, sauti 47 kwa jumla. Bongo na konga za Kuba zimo. Agogo, kengele yenye asili ya Afrika Magharibi, imo. Hata kipenga kimo, tena mara mbili, kifupi na kirefu. Ingoma ya Rwanda haimo.

Walioandika waliandika walichokijua, na kwa hilo hakuna wa kumlaumu. Lawama inaanza pale ambapo kijana wa Rwezamenyo, Kigali, anajibana miezi kadhaa ili anunue pedi ya ngoma ya kielektroniki ya dukani, kisha anaigonga na kusikia ngoma za watu wengine tu, basi anaridhika. Iko njia ya pili, nayo inastahili kupewa uzito kuliko inavyopewa sasa: kujitengenezea.

Namba hizo ni za midi, lugha ambayo ala za kielektroniki huwasiliana kwayo, na wengi hudhani midi ni sauti. Sivyo. Midi, iliyozinduliwa mwaka 1983 kutokana na juhudi za Mmarekani Dave Smith na Mjapani Ikutaro Kakehashi, ni tarishi. Pigo likitokea, hupeleka ujumbe wa baiti tatu: kuna aliyegonga, amegonga namba fulani, kwa nguvu kiasi fulani kati ya 0 na 127. Basi. Sauti yenyewe hutolewa na anayepokea ujumbe, iwe kompyuta au simu. Kwa hiyo 38 si lazima iwe snea. Mtu akirekodi ishakwe, ile ngoma ndogo yenye sauti ya juu inayoshika mwendo wa kundi zima, akaiweka hapo, 38 imekuwa ishakwe. Igihumurizo yenye sauti nzito ipewe 36, inyahura ya sauti ya kati ipewe 40. Mashine haitauliza kitu.

Utengenezaji wenyewe hauna uchawi. Kitovu chake ni kisahani chembamba cha piezo, kinachofanya kazi kwa kanuni waliyoigundua ndugu wawili Wafaransa, Jacques na Pierre Curie, mwaka 1880: fuwele fulani zikikandamizwa hutoa umeme. Kisahani hicho kimo ndani ya saa za mezani zinazolia, vitu vya kuchezea watoto na king'ora cha moshi. Kinabandikwa chini ya kipande cha mbao kilichofunikwa mpira, au kwenye ngozi ya ngoma halisi. Rezista ya megaohmu 1 inaunganishwa sambamba nacho ili umeme upungue haraka, na diodi ya zena ya volti 5.1 inawekwa kulinda chipu, kwa maana pigo la hasira huweza kuzalisha volti nyingi kuliko chipu inavyostahimili. Waya zinaingia kwenye ubao mdogo kama Arduino, uliobuniwa Italia mwaka 2005, ambao husoma nguvu ya pigo kuanzia 0 hadi 1023. Gawanya kwa 8, umeipata namba ya midi. Wahenga walisema ngoma ikilia sana hupasuka. Hii haipasuki, ila waya wake hung'oka kila mara mpaka fundi ajifunze kuulehemu vizuri.

Ugumu uko kwenye muda. Ngozi ikishapigwa huendelea kutetemeka, na programu isiposubiri kidogo, pigo moja huhesabiwa matatu. Ikisubiri mno, humeza mapigo ya kweli. Chukua singeli ya Dar es Salaam, ambayo huvuka midundo 200 kwa dakika: robo ya mdundo hapo ni milisekunde 75 tu. Kwenye pedi ya dukani, mara nyingi hesabu hiyo imekwisha kufanywa na mtu mwingine kwa ajili ya muziki mwingine. Anayejitengenezea huipima mwenyewe, kwa mkono wake na mwendo wa muziki wake. Na singeli inafaa kutajwa kwa sababu moja zaidi. Maprodyuza wake wamepanda majukwaa ya Ulaya wakipiga muziki kwa vitufe vya kompyuta mpakato, na wamewachezesha watu. Lakini kitufe cha kompyuta hakijui aliyebonyeza amebonyeza kwa upole au kwa nguvu. Piezo inajua.

Kuna hatari moja katika mjadala huu, nayo ni huruma. Kundi la Konono No. 1 la Kinshasa, lililoanzishwa na Mingiedi Mawangu, lilitengeneza vinasa sauti kwa sumaku zilizotolewa kwenye vipuri vya magari makuukuu, kwa sababu likembe, ala ya vibao vya chuma inayopigwa kwa vidole gumba, ilikuwa haisikiki katikati ya kelele za jiji. Albamu ya Congotronics ilipotoka mwaka 2004, wengi ng'ambo walisimulia zaidi habari za vyuma chakavu kuliko upigaji. Fulu Miziki, kundi jingine la Kinshasa, nalo hutajwa kwa takataka kwanza na muziki baadaye, ingawa lenyewe limelichagua jina hilo, lenye maana ya muziki wa takataka, kwa makusudi. Ala ihukumiwe kwa inavyojibu mkono wa mpigaji. Ikichelewa milisekunde 30 ni ala mbovu, hata kama imetengenezwa kwa debe lenye historia ya kusikitisha.

Rwezamenyo inafaa kwa kazi hii kuliko kata nyingi. Ni eneo dogo lililobanana pembeni mwa Nyamirambo, Kiswahili kinasikika barazani, na fundi simu hakosekani. Mkono unaobadilisha tundu la chaji la simu hauwezi kushindwa na waya mbili za piezo. Tena Kigali haina mzaha na kelele. Kundi la ingoma haliwezi kufanya mazoezi saa nne usiku kwenye nyumba zilizopakana ukuta kwa ukuta. Pedi na vipokea sauti vya masikioni vinaweza, na jirani akalala.

Wapo watakaosema kuifunga ingoma kwa waya ni kuivunjia heshima. Hoja hiyo ina uzito, ila ingoma imeshavuka mipaka mikubwa zaidi. Zamani mwanamke hakuruhusiwa kuipiga, hadi Odile Gakire Katese alipoanzisha Ingoma Nshya kule Huye mwaka 2004, kundi la wanawake pekee. Ngoma hazikupoteza kitu.

Kinachokosekana ni watu kukutana. Shule ya muziki iliyoanzia Nyundo, Rubavu, mwaka 2014 na kuhamia Muhanga ina wapigaji. FabLab, karakana ya ubunifu iliyofunguliwa Kigali mwaka 2016 ina mashine. Mitaani wako mafundi. Shule za ufundi zingeweza kuwapa wanafunzi wa umeme pedi ya ngoma iwe zoezi la mwisho wa muhula, kwa kuwa ndani yake kuna volti, rezista, programu na sikio la kusahihisha, na mwanafunzi aliyekosea atalisikia kosa lake mwenyewe kabla mwalimu hajafungua mdomo.

Waanze na kurekodi. Ishakwe, inyahura na igihumurizo, kila moja kwa mapigo laini hadi makali, kisha sauti hizo ziachwe bure kwa yeyote anayezihitaji. Nafasi ipo: midi ina namba 128, na orodha ya 1991 ilichukua 47.