Jakuzi Si Ngamia, Lakini Ifunge



Wengi mnatujua kwa mashela na magauni. Tulianza na cherehani mbili na meza moja ya kukatia, na kila bi harusi tuliyemshonea alituuliza swali moja: fungate twende wapi? Basi tukakodi nyumba ndogo ya shamba, tukapaka chokaa, tukapandisha ukuta mrefu, na uani tukaweka jakuzi. Ule ukuta ndio sifa yake kuu. Mtu anavua buibui lake, anaingia maji ya moto na mumewe, juu kuna nyota tu. Stara imekamilika na raha imekamilika.

Leo lakini hatuzungumzii mishumaa wala mawaridi. Leo tunazungumzia upepo, na tutaanza na aibu yetu wenyewe, maana nasaha isiyoanza na mwenye kuitoa huwa haina ladha.

Mnakumbuka kimbunga Hidaya, mwanzoni mwa Mei 2024. Jina zuri kama zawadi ya bi harusi, na kwa bahati kilikuja mwezi wa Shawwal, Ramadhani imekwisha, kumbi zimejaa na sisi hatulali kwa kushona. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitangaza mapema, na ikarudia kutangaza. Sisi tukasema yale yale yanayosemwa kila mwaka: hapa Unguja kimbunga hakifiki, ni masika tu, tawakali.

Tulikuwa na bi harusi wa Jumamosi ile. Mama yake alitupigia Alhamisi akaomba tusogeze siku, kwa sababu jamaa zake walikuwa Dar es Salaam na bahari haikumpendeza. Tukamjibu kwa ukali kidogo, tukamwambia maua yameshalipiwa. Siku ya pili boti zikasitishwa, na maneno yetu yakatushuka kooni.

Kuhusu jakuzi, fundi mmoja alitushauri tumwage maji ili upepo usipate kitu cha kuharibu. Tukamsikiliza. Tulipofika nusu umeme ukakatika, giza likaingia, tukaondoka bila ya kuzima swichi yake. Umeme uliporudi pampu ikaanza kuzunguka bila maji ya kutosha, ikaungua. Hiyo ni hasara ya pesa, na pesa hutafutwa.

Lililotuumiza ni jengine. Usiku wa kuamkia Jumamosi tulimpigia simu kijana wetu wa ulinzi, tukamwambia atoke nje akakifunge kifuniko. Akatoka, kwa sababu sisi ndio tunaomlipa. Kifuniko kile ni sponji ngumu iliyovalishwa ngozi ya plastiki, kipana kama kitanda na chepesi kwa ukubwa wake, na upepo ukiingia chini yake kinakuwa tanga. Kilimwinua, kikamwangusha kwenye vigae, mkono ukateguka. Kisha kikaruka ukuta wetu wa stara, kikaangukia banda la jirani yetu, bibi mtu mzima ambaye kila alfajiri hukaa pale kukaanga maandazi. Siku ile hakuwasha moto, kuni zilikuwa zimerowa. Asubuhi alitusubiri mlangoni, akatuambia, "Wanangu, kitu chenu kimekuja kwangu bila ya kupiga hodi."

Alicheka. Sisi hatukuweza kucheka.

Ndiyo maana tunaandika. Maoni yetu ni haya: anayeweka anasa nje ya nyumba yake, iwe jakuzi, mwavuli, bembea au kibanda cha makuti, ana deni kwa jirani yake kabla ya upepo kuja. Siku ya jua kitu ni chako. Siku ya kimbunga kitu ni cha upepo, na upepo haujui mpaka wa kiwanja.

Wapo watakaosema kujiandaa sana ni upungufu wa imani. Hao tunawakumbusha kisa mnachokijua tangu chuoni, cha yule mtu aliyemuuliza Mtume, rehma na amani zimshukie, kama amwache ngamia wake bila kufungwa kisha ategemee kwa Mungu. Aliambiwa afunge kwanza, ndipo ategemee. Tawakali yetu sisi ilikuwa uvivu tuliouvisha kanzu. Tungekuwa na tawakali ya kweli tungekaza mikanda Alhamisi mchana, jua likiwaka, kisha tukaswali tukalala.

Wala tusijidanganye kwamba Unguja imeandikiwa salama. Tarehe 15 Aprili 1872, zama za Sayyid Barghash, kimbunga kilipiga kisiwa hiki, kikazamisha majahazi na meli na kung'oa mikarafuu na minazi ya mashamba. Pemba ilinusurika kwa sehemu kubwa, na tangu hapo ndiyo iliyoshika ubingwa wa karafuu. Ni kweli kwamba tuko karibu na ikweta na vimbunga hutufikia kwa nadra. Lakini nadra si kamwe. Hidaya yenyewe ilikuja kuishia karibu na Mafia, na mvua zake zikaikata barabara ya kwenda Lindi pale Somanga. Kutoka Mafia hadi kwetu si safari ya mwezi.

Basi sikilizeni tuliyoyajifunza, kwa mwenye jakuzi nyumbani, kwa mwenye nyumba ya wageni, na hata kwa bi harusi anayekwenda kukodi.

Usimwage maji. Lita moja ya maji ni kilo moja. Jakuzi ya lita 1,200 ikijaa imebeba kilo 1,200 zinazoikalisha chini, na hakuna kamba unayoweza kununua itakayofanya kazi hiyo. Ikiwa tupu ni chombo chepesi chenye mdomo wazi. Ile ya kupuliza kwa pampu ni kesi mbali: hiyo itoe maji, itoe upepo, ikunje, iingize ndani mapema.

Zima umeme kwenye swichi kubwa, si kwenye kitufe cha jakuzi pekee. Umeme wa siku ya dhoruba hukatika na kurudi kwa kishindo, na pampu na hita haziwezi mchezo huo. Sanduku la mota lizungushie plastiki nzito, ulifunge vizuri.

Kabla ya kuzima, tia klorini ya kutosha na uache maji yazunguke. Maji ya joto yaliyosimama siku tatu bila dawa huwa kijani, na mbu hawahitaji kadi ya mwaliko.

Kifuniko kifunge kwa vifungo vyake vyote, kisha pitisha mikanda ya kufungia mizigo, ile ya lori, msalaba kwa msalaba, na uikaze kwenye ndoano zilizozama ndani ya zege. Usifunge kwenye mguu wa kiti. Usiweke mawe juu ukidhani ni uzito, maana jiwe lenyewe hugeuka kombora.

Kisha zunguka uani kwa jicho la adui. Taa za kioo, vyetezo, vyungu vya maua, ngazi ya kupandia na viti vyote viingie ndani. Na angalia juu: mnazi wenye nazi zilizokomaa ukiinamia jakuzi, muite mkwezi leo. Tena mpitie na jirani, mwambie unachokifunga na umuulize kama ana cha kufungiwa. Sisi tungekuwa na adabu hiyo, yule bibi angejua mapema kwamba kuna kifuniko cha kukiogopa.

Upepo ukishaanza, kazi imekwisha. Kilichosahaulika nje kimesahaulika. Hili ndilo tunalotaka mlishike kuliko yote: hakuna kifuniko chenye thamani ya mkono wa mtoto wa mtu. Kijana anayelinda ana mama anayemuombea kama tunavyowaombea wetu. Tukimwamuru atoke kwenye dhoruba akaokoe kitu chetu, tumemdhulumu, hata kama mshahara tunaulipa kwa wakati. Sasa sheria ya nyumba yetu ni kwamba dhoruba ikitangazwa mlinzi analala ndani, na hakuna mwenye ruhusa ya kumtoa, hata sisi.

Baada ya dhoruba usikimbilie kuwasha. Kwanza tazama waya zilizoanguka, na kama zipo usiguse maji wala chuma. Muite fundi umeme akague sanduku la mota na waya wa ardhini. Maji yaliyochanganyika na majani na mvua usiyaoge wala usiyanywe. Kumwagia chooni yanafaa, na siku maji ya bomba yamekatika utashukuru kuwa hukuyamwaga.

Na nyinyi maharusi, mna sehemu yenu. Mkikodi nyumba ya fungate msiulize picha tu. Ulizeni jakuzi hufungwaje, nani anazima umeme, na dhoruba ikitangazwa siku yenu pesa zenu zinakuwaje. Mwenye nyumba asiye na jibu ni kama sisi tulivyokuwa. Siku hizi mkataba wetu unasema wazi: kukiwa na tahadhari ya kimbunga, siku inasogezwa na maua ni juu yetu.

Kuahirisha si mkosi, wapenzi wetu. Ibn Abbas, Mungu amridhie, siku ya Ijumaa yenye mvua alimwambia muadhini awatangazie watu waswali majumbani mwao. Kama Ijumaa yenyewe ilisahilishwa kwa ajili ya mvua na matope, nani sisi tung'ang'anie keki na maua? Yule bi harusi wetu aliolewa wiki ya pili, jamaa wote wamefika, shela limenyooka. Fungate lake alikaa bila jakuzi kwa sababu pampu ilikuwa imeungua. Tulimwandalia karai la maji ya moto yenye asumini na mrehani, na mpaka leo analisifu kuliko tunavyostahili.

Mkono wa kijana wetu umepona, alhamdulillahi, na gharama za matibabu tulizibeba. Banda la bibi tulilijenga upya, mabati mapya na boriti mpya. Kila tunapopita anatuita kwa maandazi, na kila mara anatuuliza, "Yule mgeni wenu mmemfunga?"

Tumemfunga, bibi. Mikanda minne.

Mungu atuhifadhi sisi, majirani zetu na wanaotufanyia kazi, na aujaalie kila upepo uwe wa kheri. Amin.