Konstebo wa Kesho

Foleni inayojipanga kwenye maduka ya steshenari mjini Sengerema kila Jeshi la Polisi la Tanzania linapotangaza nafasi za ajira hutambulika kwa bahasha, ambazo ndani yake mna cheti cha kuzaliwa, namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, cheti cha kidato cha nne na barua ya maombi iliyoandikwa kwa mkono, ambayo, kwa kinaya kidogo, lazima iskaniwe ndipo itumwe mtandaoni. Anayechaguliwa hupelekwa Shule ya Polisi Moshi, huhitimu akiwa konstebo, cheo cha chini kabisa, na huanza na lindo, doria na zamu za usiku ambazo tangazo halizitaji. Usukumani kunajulikana njia nyingine ya kumpata mlinzi, kwani sungusungu, walinzi wa jadi walioibuka mwanzoni mwa miaka ya 1980 kupambana na wizi wa mifugo na kutambuliwa kisheria mwaka 1989, walitoka miongoni mwa watu waliojua tabia zao tangu utotoni, ingawa nao walilaumiwa kwa kutoa adhabu kali bila mahakama. Sare hushonwa kwa siku moja, subira haishoniki. Usaili unaopima urefu na kukagua tatuu, lakini haupimi jinsi kijana anavyomsikiliza bibi aliyeibiwa kuku, huchagua miili, si askari. Na bibi huyo akifika kituoni kutoka Busisi, anayemwandikia RB, yaani namba ya kumbukumbu ya taarifa yake, huenda akawa konstebo mwenye miezi michache kazini.