TAYA LA GALULA NA IMANI YAKO



Mwaka 2002, huko Galula, bonde la mto Songwe, watafiti walikuta mwambani taya la mnyama mdogo wa jamii ya mamalia. Mwaka 2019 akapewa jina: Galulatherium. Wanakadiria aliishi zama za dinosaria, zaidi ya miaka milioni 66 iliyopita.

Wapo wanaosema mtoto akisoma mambo haya ataharibika imani. Mimi sikubaliani nao. Katika Suratul-Ankabut, aya ya 20, Allah anatuamrisha tutembee ardhini tutazame alivyoanzisha uumbaji. Utatazamaje ukiwa umefumba macho? Kukadiria miaka ni kazi ya wataalamu. Muumba hapungukiwi na chochote kwa mfupa kufukuliwa.

Na wewe unayechimba mchanga au kuponda kokoto hapa Kilole, ukikuta mfupa ndani ya jiwe usiuvunje wala usiuuze kwa siri. Hiyo ni amana. Toa taarifa serikali ya mtaa. Mwanao naye akipenda elimu hii, msomeshe.

Allah atujaalie elimu yenye manufaa. Aamiin. Mfikishie na mwenzako.