Ubovu wa Kombi Kuukuu ni Somo la Sayansi

Kombi ya Volkswagen ilianza kuundwa nchini Ujerumani mwaka 1950, na mwaka uliofuata kampuni ya Westfalia ilianza kuitia vitanda, meza na makabati ili wasafiri wapate kulala humo. Zile zilizotengenezwa Ujerumani hadi mwaka 1979 zilikuwa na injini ya nyuma yenye silinda nne, nayo hupozwa kwa hewa wala si kwa maji. Zipo zinazotembea hata leo. Aghalabu wenye nazo hulalamikia mambo mawili: injini kukosa nguvu mlimani, na hita kutotoa joto.

Fundi mwenye haraka huyachukua malalamiko hayo kuwa ni magonjwa mawili. Hubadili plagi, husafisha kabureta, kisha humwambia mwenye gari kwamba hita imezeeka. Kosa lake si uvivu, kwani huenda amefanya kazi kutwa nzima. Kosa lake ni kwamba hakujiuliza hewa inatoka wapi na inakwenda wapi.

Hita ya kombi hiyo haina moto wake yenyewe. Feni inayopoza silinda ndiyo hiyo hiyo inayosukuma sehemu ya hewa yake katika mipira miwili, hadi kwenye maboksi ya bati yaliyoyazunguka mabomba ya ekzosi. Humo hewa hupata joto, kisha hupita chini ya sakafu na kuingia ndani ya gari pindi dereva anapofungua vilango kwa waya. Basi mkanda wa feni ukilegea, silinda na abiria hupunjwa hewa kwa pamoja. Mpira ukipasuka, hewa iliyokusudiwa abiria humwagika, na ile ya kupoza injini nayo hupungua. Kidole gumba kikiubonyeza mkanda huo katikati, yatosha uingie kiasi cha milimita 15. Kipimo hicho hakigharimu hata senti moja, nacho chafaa kutangulia ununuzi wa kipuri chochote.

Si kila ubovu una shina moja, bila shaka. Waya wa vilango ukikatika, hita hupoa na injini haidhuriki. Vali zikibana kupita nafasi yake ya milimita 0.15 injini ikiwa baridi, nguvu hupotea ingawa hita ni nzima. Ndiyo sababu hapana budi kubadili jambo moja tu kwa wakati mmoja na kutazama matokeo, kama afanyavyo mwanafunzi katika maabara. Aliyebadili vitu vitano kwa siku moja, gari likapona, hajui ni kipi kilichoponya.

Lakini lililo zito kuliko nguvu za mlimani ni kutu. Bomba la ekzosi likitoboka ndani ya boksi lile la bati, moshi huchanganyika na hewa inayopelekwa kwa abiria, na katika moshi huo imo kaboni monoksidi. Gesi hii haina rangi wala harufu. Hushikamana na himoglobini ya damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni mara 200 na zaidi, hata mtu akaumwa kichwa, akaona kizunguzungu, akasinzia, na asiamke tena. Ni gesi ile ile inayowaua watu waliofungia jiko la mkaa chumbani usiku wa baridi. Kuna madereva wanaojipa moyo kwa kuwa hawasikii harufu yoyote. Hoja yao ni dhaifu: harufu mara nyingi ni ya oili iliyovuja na kuungua juu ya bati la moto, na kukosekana kwake hakuthibitishi kwamba bomba ni zima. Boksi lililoliwa na kutu halina tiba ya kubandika kiraka. Hutolewa, na hita haiguswi mpaka jingine lifungwe.

Wapo watakaosema kwamba magari ya sasa hupimwa kwa kompyuta, na kwamba kombi hii ni ya makumbusho. Kompyuta husaidia sana. Hata hivyo, ikisema kwamba injini inapata petroli haba kuliko hewa, haijasema kama hewa inapenya mahali pasipostahili au pampu ya petroli imechoka. Bado anahitajika mtu wa kufikiri. Shule zetu huwafundisha vijana kuchora mipigo minne ya injini, nao huichora vizuri, lakini ni nadra kuulizwa kwa nini injini iliyo mbele yao haifanyi kama mchoro.

Mwalimu wa fizikia asiye na injini yoyote anaweza kuanza kwa swali hili. Kombi inapanda mlima, na taa nyekundu ya chaji inawaka ghafla. Je, dereva aendelee hadi gereji, maadamu betri ina nguvu? Wengi watajibu ndiyo. Kisha awaonyeshe mchoro: katika injini nyingi za namna hii feni imefungwa kwenye mhimili wa dainamo, na vyote viwili huzungushwa na mkanda mmoja. Taa inayosema kwamba dainamo imesimama huenda inasema pia kwamba feni imesimama, na injini hiyo haina maji yatakayochemka ili kumwonya dereva.