Goma: Fundi aliyefunga masasisho ya kompyuta amwambie mwenye mashini

Si ajabu katika mji wa Goma, na hata Bukavu, kukuta kompyuta ya nyumbani ambayo haijapata masasisho, yale ambayo wengi huyaita "mise à jour", tangu siku iliponunuliwa. Mwenyewe akijaribu kuyatafuta, mashini inazunguka weee, kisha inaonyesha namba ya kosa. Anasema imezeeka. Mara nyingi haijazeeka. Kuna mkono uliofunga njia, na mkono huo kwa kawaida ni wa fundi aliyeiuza au aliyeitengeneza.

Fundi ana sababu yake. Mega ni ghali. Kompyuta iliyounganishwa na intaneti ya simu inaweza kumeza forfe ya wiki nzima kwa usiku mmoja, bila mwenyewe kufungua hata ukurasa mmoja. Kesho yake mteja anarudi na hasira. Basi fundi anaingia kwenye orodha ya huduma za Windows, anaweka "Windows Update" kuwa "Désactivé", mambo yanatulia. Wengine huweka kaprogramu ka kuzuia, na wengine huweka Windows ya kunakili ambayo tayari imekatwa sehemu hiyo. Kumwokolea mteja mega si kosa. Kosa ni kumficha. Mtu anaondoka dukani akidhani ana mlango wenye kufuli, kumbe kufuli liliondolewa ili mlango usipige kelele.

Familia iliyotoka Masisi au Rutshuru ikiwa na kompyuta moja mgongoni haikuibeba kwa anasa. Ndani yake mna picha za vitambulisho, diplome za watoto, karatasi za shamba, majina ya ndugu na namba zao. Karatasi zenyewe pengine ziliungua au zilibaki nyumbani. Kompyuta hiyo hiyo inapokea flashi kutoka vibanda vya fotokopi, na kila mkaaji wa Goma anajua flashi hizo zinarudi na nini: mafaili yamefichwa, na mahali pake pamejaa njia za mkato zisizofunguka. Huduma ya masasisho ikizimwa, hata Defender, mlinzi anayekuja na Windows, hukosa njia yake ya kawaida ya kupata orodha mpya ya virusi.

Mfano mkubwa upo. Tarehe 14 Machi 2017 Microsoft ilitoa sasisho la kuziba tundu moja la Windows. Tarehe 12 Mei mwaka huo virusi vya WannaCry vikapita katika tundu lile lile, vikafunga mafaili ya watu katika nchi zaidi ya 150 na kudai dola 300 kwa kila mashini. Hospitali za Uingereza zilirudisha wagonjwa. Dawa ilikuwa imetoka karibu miezi miwili kabla. Dola 300 kwa mhami ni kama kumwambia asahau mafaili yake.

Kujua kama njia imefungwa hakuhitaji shule kubwa, kwa maana namba ya kosa yenyewe inasema. 0x80070422 maana yake huduma imezimwa: mtu aliizima, na inaweza kuwashwa tena katika orodha ile ile. 0x80070070 maana yake nafasi imejaa kwenye diski, na hapo dawa ni kuhamisha filamu na kufuta takataka kwa "Nettoyage de disque". 0x80072F8F mara nyingi ni tarehe. Hii ya mwisho inasumbua sana mashini za mitumba. Kabetri kadogo ka duara ndani ya kompyuta, CR2032, kakifa, kila umeme ukikatika saa inarudi nyuma miaka mingi, na kompyuta inakataa kuamini vyeti vya usalama vya tovuti za masasisho. Kuna watu waliolipia Windows kuwekwa upya mara mbili kwa shida ya betri ya namna hii. Inauma.

Namba hizo zikikosekana na masasisho bado yamegoma, fundi aulizwe waziwazi: uliweka programu ya kuzuia? Kama Windows yenyewe ilikatwa, hakuna cha kurekebisha. Iwekwe nyingine iliyo kamili, baada ya mafaili kunakiliwa pembeni.

Njia ya kuokoa mega bila kuzima ulinzi ipo, na mafundi wanaijua. Mtandao wa simu uwekwe alama ya "Connexion limitée", na Windows haitashusha mzigo mkubwa yenyewe. Halafu mara moja kwa mwezi, mashini ipelekwe mahali penye intaneti ya bei nafuu, alama iondolewe, masasisho yashushwe. Microsoft hutoa ya usalama kila Jumanne ya pili ya mwezi, kwa hiyo wiki ya tatu ni wakati mzuri. Nyumba yenye kompyuta mbili au tatu kwenye mtandao mmoja ifungue "Optimisation de la distribution", ili moja ishushe na kugawia zingine. Jambo moja tu la kuchunga: umeme. Kompyuta ya mezani isiyo na betri, umeme ukikatika katikati ya sasisho, inaweza kukataa kuwaka. Hapo kungoja siku umeme umetulia si uvivu.

Wale wenye Windows 10 wana shida nyingine ambayo hakuna fundi wa kulaumiwa. Msaada wake wa kawaida uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Microsoft iliweka mpango wa kuongeza masasisho ya usalama hadi tarehe 13 Oktoba 2026 kwa wanaojiandikisha. Windows 11 inadai RAM ya giga 4, nafasi ya giga 64, kifaa cha usalama cha TPM 2.0 na prosesa ya miaka ya karibuni, na mashini nyingi za mitumba hazifiki hapo. Muuzaji anayesifia mashini ya namna hiyo kuwa "mpya kabisa" aulizwe TPM iko wapi. Kwa mashini isiyofika, Linux Mint inashuka bure, nayo inaendelea kupokea masasisho.

Na duka likizima masasisho kwa ombi la mteja, liandike hivyo kwenye risiti, kama linavyoandika bei ya betri. Mstari mmoja unatosha: huduma imezimwa, tarehe fulani, namna ya kuiwasha ni hii.